Maria Montessori, Daktari wa Watoto Waliokataliwa

Huenda katika kijiji chako yumo mtoto ambaye watu wamechoka naye. Ukimtuma chumvi anarudi na kiberiti. Ukimpa mahindi apukuchue, anapukuchua gunzi moja, kisha anaondoka kumfuata kuku. Shuleni amekaa miaka mitatu, na bado herufi b na d zinamchanganya. Mwalimu amechoka. Baba amechoka. Wenzake wamempa jina la kumcheka, na sasa hata nyumbani wanalitumia jina hilo.

Labda mtoto huyo ni wa jirani. Labda ni wako. Na labda, ulipokuwa mdogo, mtoto huyo alikuwa wewe. Katika madarasa yetu ya watu wazima nimekutana na watu wengi walioacha shule kwa sababu waliambiwa hawana akili. Leo wanasoma barua zao wenyewe, wala hawamwombi mtu awasomee.

Nataka kukueleza habari za mwanamke mmoja wa Italia. Aliwafundisha watoto ambao kila mtu alikuwa amewakatia tamaa. Jina lake ni Maria Montessori. Huenda umeliona jina la Montessori limeandikwa kwenye kibao cha shule ya watoto wadogo mjini. Jina hilo ni lake.

Msichana aliyetaka kusoma

Maria alizaliwa tarehe 31 Agosti, 1870, katika mji mdogo wa Chiaravalle, nchini Italia. Baba yake aliitwa Alessandro. Alikuwa mtumishi wa serikali katika Wizara ya Fedha, na kazi yake ilihusu kiwanda cha tumbaku. Mama yake aliitwa Renilde. Mama huyu alikuwa amesoma kuliko wanawake wengi wa wakati ule, na alipenda vitabu. Maria hakuwa na kaka wala dada.

Mwaka 1875 baba alihamishwa kikazi, na familia ikahamia Roma, mji mkuu wa nchi. Mwaka uliofuata Maria alianza shule. Usidhani kwamba alikuwa wa kwanza darasani. Katika miaka ya mwanzo alikuwa mwanafunzi wa kawaida tu. Lakini alipofika miaka 13 aliingia shule ya ufundi, ambako wengi walikuwa wavulana. Alipenda hesabu na alitaka kuwa mhandisi. Baadaye akabadili nia. Akasema atakuwa daktari.

Baba yake hakupenda. Mama yake alimuunga mkono. Katika Italia ya wakati ule udaktari ulikuwa kazi ya wanaume. Mwaka 1890 Maria aliingia Chuo Kikuu cha Roma, akasoma kwanza sayansi, kisha akaingia katika masomo ya udaktari. Wanafunzi wenzake hawakufurahi kumwona.

Mwanafunzi wa udaktari hujifunza kwa kupasua maiti. Wakubwa wa chuo waliona ni aibu msichana akae na wanaume mbele ya maiti iliyo uchi. Basi Maria alilazimika kufanya kazi hiyo peke yake, baada ya wengine kuondoka. Fikiri, ndugu msomaji: msichana yuko peke yake chumbani na maiti, jioni, na dawa ya kuhifadhia maiti inanuka. Maria alivuta tumbaku ili asisikie harufu ile. Akavumilia. Mwaka 1896 alipata shahada ya udaktari. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa nchini Italia kufanya hivyo.

Watoto katika chumba kitupu

Daktari Maria alipata kazi katika kliniki ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu. Kazi hiyo ilimpeleka katika hospitali za wagonjwa wa akili mjini Roma. Huko alikuta watoto. Hawakuwa wendawazimu. Wengine walikuwa wazito wa kuelewa. Wengine hawakusema vizuri. Wengine walikuwa na kifafa, au viungo vyao vilikuwa dhaifu. Shule hazikuwataka na wazazi wao walishindwa, basi wakafungiwa pamoja na watu wazima wagonjwa.

Inasimuliwa kwamba siku moja alionyeshwa watoto wa namna hiyo katika chumba kitupu. Hakikuwa na kitu cha kuchezea, wala cha kushika. Mwanamke aliyewalinda alilalamika. Alisema watoto hao ni wachafu, maana wakimaliza kula hujitupa sakafuni kugombania makombo ya mkate. Maria aliwatazama. Aliona kwamba watoto hawakuwa wakiyala makombo yale tu. Waliyashika, wakayaviringisha, wakayachezea. Chumba kizima hakikuwa na kitu kingine cha kushika. Njaa waliyokuwa nayo ilikuwa ya mikono na macho yao.

Mlinzi na daktari walitazama watoto wale wale. Kila mmoja aliona jambo lake.

Kuanzia hapo Maria alitafuta vitabu vya watu waliowahi kuwafundisha watoto kama hao. Alipata habari za madaktari wawili wa Ufaransa. Wa kwanza ni Itard. Huyu alimlea mvulana mmoja aliyekamatwa mwaka 1800 baada ya kuishi porini peke yake katika sehemu za Aveyron. Itard alifanya kazi na mvulana huyo kwa miaka kadhaa. Mtoto hakuweza kusema vizuri hata mwisho, lakini alijifunza mambo mengi ambayo watu walisema hayawezekani. Wa pili ni Séguin, aliyefuata nyayo za Itard. Séguin aliwafundisha watoto wazito wa kuelewa kwa kutumia vitu vya kushika: vya kupanga, vya kuingiza tunduni, vya kulinganisha ukubwa.

Maria alikiheshimu sana kitabu cha Séguin. Kilikuwa na kurasa kama 600, kwa Kifaransa. Alikigeuza kuwa Kitaliano na kukinakili chote kwa mkono wake, tangu mwanzo hadi mwisho, ili apate nafasi ya kulipima kila neno. Wewe uliyejifunza kuandika ukiwa mtu mzima unajua mkono unavyouma baada ya ukurasa mmoja tu.

Mtihani uliowashangaza watu

Mwaka 1898 palikuwa na mkutano mkubwa wa walimu katika mji wa Turin. Maria alisimama mbele yao. Aliwaambia kwamba watoto hawa hawahitaji dawa peke yake. Wanahitaji kufundishwa, na kuwafundisha ni wajibu wa nchi. Watu walimsikiliza. Mwaka 1900 ilifunguliwa shule mjini Roma kwa ajili ya kuwatayarisha walimu wa watoto hao, na Maria akawa mmoja wa wakuu wake wawili.

Watoto wenyewe waliletwa pale. Maria alikuwa nao kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Usiku aliandika yale aliyoyaona mchana. Mtoto gani alishika nini? Alikaa nacho kwa muda gani? Aliacha kwa sababu gani?

Aligundua kwamba mtoto asiyeweza kukaza mawazo kwenye maneno ya mwalimu huweza kuyakaza kwenye kitu kilicho mkononi mwake. Kama mtoto hawezi kushona, usimwambie ashone, ashone, ashone. Mpe kwanza kazi ya kusuka vipande vya karatasi. Mkono ukizoea kupitisha juu na chini, mpe sindano. Hapo anakuta mkono unaijua kazi kabla yeye hajaambiwa. Sisi watu wazima mara nyingi hatufanyi hivyo. Mtoto akishindwa tunairudia kazi ile ile kwa sauti kubwa zaidi.

Baadhi ya watoto hao walijifunza kusoma na kuandika. Maria akawapeleka kwenye mtihani wa serikali, wakakaa pamoja na watoto wa shule za kawaida. Wakafaulu. Watu wakasema ni mwujiza.

Yeye mwenyewe alijiuliza jambo jingine. Ikiwa watoto wanaoitwa hawana akili wameweza kuwafikia watoto wa kawaida, je, hao watoto wa kawaida wanazuiwa na nini? Swali hilo liliwauma walimu wa wakati ule. Sisi walimu wa leo nasi linatuuma.

Mtoto wake mwenyewe

Sasa nifike mahali pagumu. Ningeweza kuparuka, lakini ningekuwa sijakueleza ukweli.

Maria alipendana na daktari mwenzake aliyeitwa Giuseppe Montesano, ambaye alikuwa mkuu mwenzake katika ile shule. Tarehe 31 Machi, 1898, Maria alizaa mtoto wa kiume. Wakamwita Mario. Wazazi hawa hawakufunga ndoa. Kama habari hizo zingejulikana, mwanamke angepoteza kazi na heshima yake yote. Mwanamume hakuwa katika hatari kama hiyo. Basi mtoto alipelekwa shamba kwa siri, akalelewa na watu wengine. Mwaka 1901 Montesano alimwoa mwanamke mwingine. Maria akaiacha shule ile.

Hivyo mwanamke aliyekesha kwa ajili ya watoto wa wengine hakuweza kumlea wa kwake. Alikuwa akienda kumtazama, lakini mtoto hakuambiwa huyu mama ni nani. Mama yake Maria alipokwisha kufariki, ndipo Mario alikuja kuishi naye. Alikuwa na umri wa miaka kama 15. Hata hapo, kwa miaka mingi, watu waliambiwa kwamba ni mtoto wa ndugu yake.

Sikuelezi haya ili umhukumu. Wala sisemi kwamba alifanya vema. Ila ukisoma habari za jinsi alivyoweza kukaa kimya na kumtazama mtoto mmoja kwa saa nzima, mkumbuke Mario kule shamba.

Nyumba ya watoto San Lorenzo

Katika mji wa Roma palikuwa na mtaa uitwao San Lorenzo. Majumba makubwa yalianza kujengwa huko, kisha fedha zikakwisha na kazi ikasimama. Maskini wakaingia humo. Watu walijazana chumba kimoja familia mbili tatu. Baadaye kampuni moja ilitengeneza baadhi ya majumba hayo na kupangisha familia za wafanyakazi. Lakini wazazi wote walikwenda kazini alfajiri. Watoto wadogo, ambao hawajafika umri wa shule, walibaki peke yao. Walichafua kuta na kuharibu ngazi. Kampuni iliona hasara. Ikaona afadhali itoe chumba kimoja, watoto wakusanywe humo wachungwe. Maria akaombwa asimamie.

Tarehe 6 Januari, 1907, chumba kilifunguliwa. Kiliitwa Nyumba ya Watoto. Watoto walikuwa kama 50, wa umri wa miaka mitatu hadi sita hivi. Walikuja wamevaa nguo za namna moja, wanalia, wana hofu. Mwangalizi wao alikuwa mwanamke ambaye hakusomea ualimu. Maria alilipenda jambo hilo. Alisema mtu huyo hatakuwa na mazoea ya kusahau.

Siku moja Maria alimwona msichana mdogo wa miaka kama mitatu. Alikuwa na kipande cha ubao chenye matundu, na vigogo vidogo vya mviringo vya kuingiza katika matundu hayo. Kila kigogo kina tundu lake, kinene kwa jembamba. Msichana alivitoa, akavichanganya, akavirudisha kila kimoja mahali pake. Akavitoa tena. Maria akaanza kuhesabu. Akawaambia watoto wengine waimbe na kutembea chumbani. Msichana hakugeuka. Akakiinua kiti cha mtoto pamoja na mtoto mwenyewe, akakiweka juu ya meza. Msichana alivikumbatia vigogo vyake, akaendelea pale pale juu ya meza. Alirudia zaidi ya mara 40. Kisha akaacha, akatazama huku na huku kama mtu aliyeamka kutoka usingizi mzuri.

Ndugu msomaji, watu husema watoto wadogo hawatulii. Huyu alitulia kuliko sisi katika mkutano wa kijiji. Maria alijifunza kwamba mtoto akipata kazi inayolingana na nguvu zake, hutulia bila kuambiwa, na akimaliza huwa mpole. Na alijifunza kwamba mkubwa akiingilia wakati huo, hata kwa kumsifu, anaweza kuikata ile kamba.

Siku nyingine mwangalizi alichelewa, na kabati la vifaa halikufungwa. Alipofika alikuta watoto wamekwisha kuchukua kila mtu chake, wanafanya kazi. Alikasirika, akaona ni wizi. Maria aliona kwamba kila mtoto amechagua kitu anachokihitaji. Kuanzia hapo vifaa viliwekwa kwenye rafu za chini zilizo wazi. Meza na viti vidogo navyo vilitengenezwa, ambavyo mtoto aliweza kuvibeba mwenyewe.

Somo la kupenga kamasi

Kuna somo moja ambalo nimelipenda kuliko yote. Siku moja Maria aliwafundisha watoto kupenga kamasi. Alitoa leso, akawaonyesha jinsi ya kuikunja, jinsi ya kupenga polepole bila kelele, na jinsi ya kuificha. Alidhani watacheka. Watoto walitazama kimya kabisa. Alipomaliza walipiga makofi kwa nguvu. Alipoondoka walimfuata hadi mlangoni wakimshukuru.

Kwa nini wapige makofi kwa ajili ya kamasi? Maria alifikiri sana. Watoto hao walikuwa wametukanwa kila siku kwa sababu ya pua zao. Walifinywa, walichekwa, waliitwa wachafu. Kila mtu aliwagombeza, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuwaonyesha jinsi ya kufanya.

Herufi za msasa

Wazazi wengi wa San Lorenzo hawakujua kusoma. Siku moja kina mama walikwenda kwa Maria wakamwomba awafundishe watoto wao kusoma na kuandika. Maria alisitasita. Alidhani watoto ni wadogo mno. Kina mama walishikilia. Akakubali.

Alitaka herufi za mbao, zilizochongwa vizuri, lakini zilikuwa na bei kubwa. Basi akachukua karatasi ya msasa, ile inayotumiwa na maseremala kulainishia mbao. Akakata herufi, akazibandika juu ya kadi laini. Mtoto alipitisha kidole juu ya herufi kwa kufuata njia ya kuandika, huku akitamka sauti yake. Kidole kikitoka njiani kiliteleza, na mtoto alijua mwenyewe kwamba amekosea bila mwalimu kumkaripia. Jicho linaona, sikio linasikia, kidole kinagusa. Kama mlango mmoja umefungwa, mwingine huenda uko wazi. Kwa mtoto ambaye herufi zinamchanganya, jambo hili ni kubwa.

Siku moja ya mwezi wa Desemba jua lilikuwa zuri. Watoto walikuwa wakicheza juu ya paa la sakafu. Maria alimpa mvulana wa miaka mitano kipande cha chaki, akamwambia achore dohani, yaani lile bomba la kutolea moshi. Mtoto akaichora vizuri sakafuni. Maria akamsifu. Mtoto akamtazama, akatabasamu, kisha akapiga kelele kwamba anajua kuandika. Akapiga magoti akaandika neno la Kitaliano lenye maana ya mkono. Kisha akaandika dohani. Kisha akaandika paa. Hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha kuandika maneno hayo. Mkono wake ulikuwa umezijua herufi polepole kwa kuzigusa.

Wenzake walikimbilia, wakataka chaki. Siku chache baadaye watoto waliandika milangoni, ukutani na sakafuni. Kina mama wakawapa karatasi ili kuziokoa nyumba zao.

Wewe unaijua siku hiyo. Ni ile siku ulipoandika jina lako kwa mara ya kwanza bila kushikwa mkono.

Mambo tunayoyajua leo

Nisikudanganye kwamba njia ya Maria huondoa kila shida. Haiondoi. Tangu wakati wake madaktari na walimu wamejifunza mengi. Tunajua leo kwamba wako watoto wanaozaliwa na ubongo usioweza kutulia kwenye jambo moja kwa muda mrefu. Wako wengine wenye akili nzuri kabisa ya kuhesabu ng'ombe na kutengeneza baiskeli, lakini herufi haziwakai kichwani. Si uvivu. Si kiburi. Si mkono wa jirani, wala si malipo ya kosa la mama. Watoto wengi wa namna hiyo huendelea na shida yao hata ukubwani, lakini wakisaidiwa mapema huenda mbali.

Kabla ya kusema mtoto hana akili, mchunguze mwili wake. Simama nyuma yake umwite kwa sauti ndogo. Kama hageuki, huenda hasikii. Mtoto aliyetoka usaha masikioni kwa muda mrefu anaweza kupoteza usikivu, na mwalimu akadhani ni mkaidi. Mtazame anaposoma: je, analeta kitabu karibu na pua? Je, amekula nini asubuhi? Mtoto mwenye njaa hasikilizi somo. Je, aliwahi kuugua malaria kali iliyomtia degedege? Je, alichelewa kulia alipozaliwa? Na kuna kifafa ambacho mtu haanguki. Mtoto hukodoa macho kwa nukta chache, kama aliyepotea, kisha huendelea. Jambo hilo likimpata mara nyingi kwa siku, somo linampita, na hakuna anayejua. Mpeleke zahanati ueleze ulichokiona. Kifafa kina dawa. Mama mwenye mimba naye atumie chumvi yenye madini joto, maana ukosefu wa madini hayo huharibu ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Baada ya hapo, nyumbani, jaribu kufanya kama Maria. Tazama kwanza. Mpe mtoto agizo moja, siyo matatu kwa mara moja. Mwite jina lake, akutazame, ndipo useme. Ukimtuma chumvi na kiberiti na mafuta, na mtoto ni wa namna hiyo, kosa ni la mtumaji. Mkatie kazi ndefu vipande vifupi. Magunzi matano, halafu akimbie kidogo, halafu matano tena. Msasa ukikosekana, mimina mchanga laini juu ya sinia aandike kwa kidole. Panga maharage yafuate umbo la herufi. Chukua vifuniko vya chupa ajifunze kuhesabu. Herufi moja kwa juma yatosha. Na fimbo iweke kando. Fimbo humfanya mtoto aitazame fimbo.

Jambo jingine: usimngoje mpaka afanane na kaka yake.

Miaka ya mwisho

Habari za San Lorenzo zilienea duniani. Mwaka 1909 Maria aliandika kitabu juu ya njia yake, kikatafsiriwa kwa lugha nyingi. Mwaka 1913 alikwenda Marekani akapokewa kwa shangwe. Alifundisha walimu katika nchi nyingi, na kwa miaka kama 20 makao yake yalikuwa Barcelona, Hispania.

Italia ilipotawaliwa na Mussolini, Maria alikubali msaada wa serikali yake kwa miaka kadhaa. Kwa maoni yangu hapo alikosea. Mussolini alitaka watoto wa kupiga gwaride, na Maria alitaka watoto wa kufikiri. Walikosana, na mwaka 1934 shule zake katika Italia zilifungwa. Huko Ujerumani vitabu vyake vilichomwa moto. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimtoa Hispania pia, akahamia Uholanzi.

Mwaka 1939 alikwenda Uhindi na Mario kufundisha walimu. Vita Kuu ya Pili ilipofika Italia, mwaka 1940, Waingereza waliotawala Uhindi waliwahesabu kuwa maadui. Mario aliwekwa kizuizini. Tarehe 31 Agosti mwaka huo Maria alitimiza miaka 70. Inasimuliwa kwamba mtawala wa Kiingereza alimpelekea simu ya maandishi, akisema kwamba zawadi yake ni kumrudishia mwanawe. Neno mwana liliandikwa wazi. Baada ya miaka 42 ya kufichwa, Mario aliitwa mtoto wa mama yake mbele ya watu.

Walibaki Uhindi hadi mwaka 1946, wakafundisha walimu zaidi ya elfu moja. Kisha wakarudi Uholanzi.

Maria Montessori alifariki tarehe 6 Mei, 1952, huko Noordwijk aan Zee, kijiji kilicho kando ya bahari. Alikuwa na umri wa miaka 81. Inasimuliwa kwamba siku ile alikuwa amekaa na Mario wakizungumza juu ya safari. Alikuwa amealikwa Afrika Magharibi, katika nchi ambayo leo inaitwa Ghana, akawafundishe walimu wa huko. Mario aliona safari ni ndefu na mama yake amezeeka. Yeye alitaka kwenda.